Bunga ya Mbio

Kabla ya kusema habari ya mbio zenyewe nianze na hesabu, maana hapa kambini mambo mengi yanaanzia huko.

Mtu akikimbia kilomita moja, mwili wake unatumia kama kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Mimi mwaka 2016 nilikuwa na kilo 58. Kwa hiyo kilomita moja ni kalori 58 hivi, na kilomita 21 ni kama 1,200. Mgao kamili wa chakula unapangwa kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili mnaijua namba hiyo kuliko mimi. Wiki niliyofanya mazoezi vizuri nilikimbia kilomita 35 au 36. Piga hesabu mwenyewe. Ni chakula cha mtu mmoja cha siku nzima, kila wiki. Na huo ni mgao kamili, ambao Juni 2015 tulikuwa tumeuona ukikatwa kwa asilimia 30.

Aliyenifundisha hesabu hii ni mhudumu wa lishe pale kliniki ninapofanya kazi ya ukalimani. Nilimuuliza kwa utani tu, naye akaniandikia nyuma ya kipande cha boksi la dawa. Nikaenda nacho nyumbani, nikamsomea mama yangu. Mama hajui kusoma, lakini kwenye hesabu ya chakula hakuna wa kumdanganya. Alikuwa ameshaijua kabla ya mhudumu na kabla yangu.

"Mimi niliona zamani," alisema. "Gunia inaisha mbele ya tarehe. Sasa niambie, ile bunga unakimbiza kila asubuhi ni ya nani?"

Kwa msiojua Kiswahili cha kwetu Kivu, bunga ni unga. Nyumbani tulikuwa watano: mama, mdogo wangu wa kiume, watoto wangu wawili na mimi. Swali lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu siku hiyo.

Watu wengi walidhani nilianza kukimbia kwa sababu ya Olimpiki. Ni kweli mwaka 2015 Tegla Loroupe na watu wake walikuja hapa Kakuma kutafuta vijana wenye mbio, na wengine wakachukuliwa kwenda kufanya mazoezi Ngong. Lakini mimi nilikuwa na miaka 34 na watoto wawili, sikwenda hata kutazama. Mimi nilianza kwa sababu ya foleni ya maji.

Mnajua inavyokuwa. Unapeleka mtungi bombani kukiwa bado giza, unaupanga kwenye mstari nyuma ya mitungi ya wenzako, na mtungi unakushikia nafasi mpaka maji yafunguliwe. Wengine wanarudi kulala, wengine wanakaa pale kupiga domo. Siku moja nilichoka na domo, nikatembea mpaka ukingo wa Tarach na kurudi, nikakuta maji bado. Kesho yake nikaenda mbali kidogo. Baada ya wiki mbili nikaona nikitembea tu nitachelewa, basi nikaanza kukimbia pale njiani pasipo na watu. Ilikuwa ni saa nzima isiyo na mwenyewe. Mtoto hajaamka, kliniki haijafunguliwa, mama hajaniita, na mtungi unafanya kazi yangu ya kusubiri. Sidhani nimewahi kuwa na saa kama hiyo tangu niolewe.

Vijana wa bloku yetu waliponiona mara ya kwanza walipiga kelele: "Mkimbizi anakimbia tena!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana Kiswahili chenyewe kimetutega. Baadaye nilipozoeleka wakaniita Mama Mbio, na jina hilo ninalo hadi leo.

Lakini ule utani una uongo ndani yake. Kabla ya Kakuma sikuwahi kukimbia nikiwa mtu mzima. Tulipotoka Rutshuru mwezi wa kumi mwaka 2008, vita vilipofika mjini, hatukukimbia. Tulitembea. Kutoka Rutshuru mpaka mpakani Bunagana ni kama kilomita 27, na sisi zilituchukua siku mbili, kwa sababu mguu wa mama ulikuwa umevimba na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Barabara nzima ilikuwa ya watu wanaotembea polepole. Mwenye mtoto mgongoni na sufuria kichwani hakimbii, anaogopa kuanguka. Kisoro, Kampala, Busia, Nairobi, kote huko tulikwenda kwa gari au kwa mguu, mpaka tukafika hapa alikokuwa mdogo wangu. Mtu anayekimbia kweli ni yule aliyeweka mzigo chini.

Naandika hili kwa sababu wageni wa mashirika waliponiona kwenye orodha ya wakimbiaji waliniuliza, mmoja baada ya mwingine, kama kukimbia kunanisaidia kusahau. Wawili walitumia neno kiwewe. Niliwajibu kwa adabu kwamba sijui, kwa vile nilijua wanahitaji kitu cha kuandika kwenye ripoti. Ukweli ni kwamba nikiwa nakimbia sikumbuki wala sisahau. Naangalia miba.

Miba ya mathenge ndiyo adui wa kwanza wa mkimbiaji wa Kakuma. Inapita kwenye soli ya kiatu kama sindano kwenye kitambaa, na ukiichomoa vibaya ncha inabaki ndani. Viatu vyangu vya mtumba nilivinunua soko la Waethiopia kwa shilingi 600, kulia saizi 39 na kushoto saizi 40, na kila Jumapili nilikaa na koleo nikivitoa miba kama mtu anayechambua mchele. Adui wa pili ni mchanga wa laga, unaomeza mguu na kuua misuli ya nyuma. Jua ni la tatu. Saa mbili asubuhi limeshaanza kuchoma, na ikifika saa nne hata mbwa hawatembei. Kwa hiyo kila kitu lazima kiishe mapema, lakini si mapema sana, maana gizani mwanamke peke yake hakimbii hapa. Nilisubiri mpaka nione mistari ya kiganja changu, ndipo nitoke.

Nguo nazo zilikuwa na mjadala wake. Nilivaa suruali ya kubana na juu yake kitenge kilichofungwa hadi magotini. Jirani yangu Msomali, mama mtu mzima, aliniambia kitenge kitaniangusha, akanishonea sketi pana ya kitambaa chepesi, tena bila kunitoza pesa. Hakuniuliza nakimbilia nini. Alisema tu kwamba mshono unaochanika ni aibu kwa fundi.

Afisa mmoja wa michezo aliyefanya kazi kambini ndiye aliyeleta habari ya mbio za Nairobi. Alikuwa na nafasi tano za kilomita 21 zilizokwisha kulipiwa, na akatafuta watu wanaokimbia tayari, si wanaoahidi kwamba watakimbia. Akanipimia njia kwa kilomita za pikipiki yake: kutoka bomba letu mpaka karibu na uwanja wa ndege na kurudi ni kilomita 6 na kidogo; ukipinda kuelekea barabara ya Lokichoggio, unapata 10. Mpaka siku hiyo nilikuwa nahesabu kwa mitungi tu. Nikirudi nikakuta foleni imesogea, nimekwenda mbali mno.

Kwa hiyo nilikuwa na viatu, sketi, njia na nafasi. Lililobaki ni swali la mama.

Tulilijadili siku tatu, kidogo kidogo, kila mmoja akiwa na kazi mkononi. Sikumwambia kwamba mbio ni afya. Mama amezaa watoto saba na amelima maisha yake yote. Ukimwambia habari ya mazoezi anakuonyesha jembe. Sikumwambia kwamba nitashinda pesa, kwa sababu anajua Wakenya wanavyokimbia. Nilimwambia: "Mama, nataka tu." Alikaa kimya, akakoroga sombe yake, akasema kwamba kutaka si kubaya, lakini watoto nao wanataka.

Siku ya nne alitoa kopo la maziwa ya unga lisilo kitu, la kifuniko cha plastiki, akaliweka kwenye rafu mbali na gunia. "Bunga ya mbio itakaa humu," akasema. "Ukitia, utakimbia. Ukikosa kutia, utalala kama wenzako."

Kalori 2,100 kwa unga wa mahindi ni kama gramu 600. Kopo lile likijazwa na kushindiliwa kidogo linafika hapo. Mama hakuwa na mzani; alilipima kwa jicho, na nilipokwenda kulihakikisha kwenye mzani wa duka nilikuta amekosea kwa kijiko kimoja. Ili nilijaze kila wiki bila kugusa posho ya kliniki, ambayo ilikuwa na wenyewe, nilikaanga mandazi Jumatano na Jumamosi jioni na kuyauza bombani asubuhi yake, pale pale penye mtungi wangu. Faida ilikuwa ndogo. Wiki nyingine ilitosha kopo, wiki nyingine nusu kopo, na wiki ya nusu kopo nilikimbia nusu. Mama hakunionea huruma hata siku moja. Jioni ya Jumamosi alifungua kifuniko, akatazama, akafunga, na kwa sura yake nilijua kesho nakwenda uwanja wa ndege au barabara ya Lokichoggio.

Kuna mtu ataniambia hilo ni jambo la huzuni. Mimi sioni hivyo. Lile kopo ndilo lililonipa raha ya kukimbia. Kabla yake kila hatua ilikuwa na mashaka, kama mtu anayekula kwa siri. Baada yake nilijua hizi kilomita ni zangu, nimezikaanga mwenyewe.

Agosti tulitazama Rio. Walikuwa watano kutoka Kakuma katika ile timu ya kwanza ya wakimbizi ya watu kumi, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera usiku wa ufunguzi. Tulikesha mbele ya skrini, watoto wamelala mapajani. Na sisi Wakongo tulikuwa na wawili wetu wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliokuwa wakiishi huko huko Brazil. Mama alitazama bendera ikipita, akauliza: "Na hawa bunga yao nani anatia?" Nilicheka peke yangu, wengine hawakuelewa.

Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, ambayo sote tunaiita pasi, sitaieleza kwa urefu. Wakazi mnaijua, na wafanyakazi mnajua tunavyoijua. Wenzangu wanne walipata Jumatatu. Yangu ilitoka Alhamisi mchana, na mbio ni Jumapili. Siku zile tatu za katikati ndizo zilizonichosha kuliko kilomita zote 21. Mtu unakaa kwenye benchi, mguu umepona, kopo limejaa, umejifunza kupumua, na kinachobaki ni muhuri. Nilipoipata ilikuwa ya siku kumi. Mama alikuwa ameshanifungia mandazi na mayai ya kuchemsha, bila kujua kama nitasafiri.

Kutoka Kakuma mpaka Lodwar, Lodwar mpaka Kitale, Kitale mpaka Nairobi. Barabara ya wakati ule ilikuwa mashimo kuliko lami, na karibu na Kainuk hakuna abiria aliyelala, kila mtu alikuwa anaangalia vichaka. Kila kizuizi pasi ilitoka na kurudi mfukoni. Nilifika Jumamosi na miguu iliyovimba kama ya mama mwaka 2008, nikalala kwa jamaa zetu Kayole, miguu ukutani.

Wakati huo mbio zilianzia uwanja wa Nyayo na kuishia huko huko. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile wamekusanyika bila kusubiri kugawiwa kitu. Walikuwepo wa maofisini wenye fulana za kampuni, wazee, wanafunzi, baba aliyevaa kofia ya sherehe. Washindani wa kweli, wanaokimbilia pesa, sikuwaona hata visigino. Baridi ya asubuhi ilinifurahisha mno, nikadhani nitaruka. Kumbe Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na mwili wangu ulikuwa wa bondeni. Kilomita ya nne kifua kilianza kunibana. Nikapunguza, nikahesabu pumzi kama nilivyozoea kuhesabu kwenye mchanga.

Barabara ya Mombasa ukiwa ndani ya matatu inaonekana tambarare. Kwa miguu si tambarare. Lakini kilichonisumbua zaidi ni maji. Vijana walisimama kando wakigawa chupa, na mbele yangu watu walichukua chupa, wakanywa funda moja, wakaitupa. Barabara ilikuwa imejaa chupa zenye maji ndani, zinaviringika, tunazikanyaga. Kambini kipimo kinacholengwa ni lita 20 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Nilijua hawa watu hawana ubaya, ndivyo mbio zinavyokimbiwa. Hata hivyo mkono wangu ulikataa. Chupa niliyopewa kwenye kilomita ya saba nilikimbia nayo mpaka ikaisha, ndipo nikachukua nyingine, na ile ya pili nilimaliza nayo mbio.

Kwenye kilomita ya 15 goti lilianza kugoma. Mama mmoja wa makamo, mnene kunizidi, akanifikia. "Songa, usisimame! Ukisimama imeisha." Tukaenda pamoja, akaniuliza natoka wapi.

"Kakuma."

"Aki, mbali hivyo! Unafanya huko?"

"Ndiyo, kwenye kliniki. Ukalimani."

"Kazi ngumu hiyo. Kusaidia hao watu."

Sikumsahihisha. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na pumzi ilikuwa haba. Kwa kilomita nne nilikuwa mtu wa Nairobi aliyetumwa Kakuma kikazi, na sitasema uongo, ilikuwa nafasi nzuri ya kupumzika. Kisha yeye akabaki nyuma kwenye mwinuko, nami nikaingia Nyayo peke yangu, kwa saa 2 na dakika 41. Walinivisha medali, wakanipa ndizi. Nililia kidogo, kwa uchovu nadhani.

Narudi nyumbani, pasi ina siku nne mbele. Mama alikuwa anachagua maharage. Hakuiangalia medali, watoto walikuwa wameshaigombania. Aliuliza: "Ni mbali kama wapi?"

"Kama kutoka Rutshuru, uache kidogo tu kufika Bunagana."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo. "Kwa asubuhi moja?"

"Kwa asubuhi moja."

"Na nyuma hapakuwa na mtu?"

"Nyuma watu walikuwa wengi, mama. Lakini walikuwa wanakimbia kama mimi."

Akafikiri, akasema kwamba Wakenya ni watu wa ajabu, akaendelea na maharage.

Desemba mwaka huo mgao ulikatwa nusu. Hakuna aliyeniambia kitu. Jumamosi ya kwanza nilichukua kopo, nikalimimina kwenye gunia, nikalirudisha kwenye rafu tupu. Unga wa ngano na mafuta vilikuwa vimepanda bei, na watu bombani hawakuwa na shilingi za mandazi. Nikabaki na kutembea, mpaka ukingo wa Tarach na kurudi, kama mwanzo.

Tatizo lilikuwa wale wasichana. Tangu nirudi na medali, wasichana watatu wa bloku, wa shule, walikuwa wanapanga mitungi yao karibu na wangu na kunifuata. Mimi nilipoanza kutembea, wao hawakuacha kukimbia. Mwezi haujaisha mama zao wakaja, wote watatu kwa pamoja, hawakuja kwangu bali kwa mama yangu, kama inavyotakiwa. Walikaa kwenye mkeka, wakanywa chai isiyo na sukari, wakasema binti zao wanarudi na njaa ya wanaume wawili, na kwamba Mama Mbio ndiye aliyeleta ugonjwa huu. Nilikuwa ndani, nasikia kila kitu.

Mama aliwaacha wamalize. Kisha akainuka, akatoa kopo kwenye rafu, akawaonyesha lilivyo: linajazwa mpaka hapa, linashindiliwa hivi kwa kiganja, linafunguliwa Jumamosi jioni, na mtoto lazima ajaze mwenyewe. Mmoja aliliomba, akaligeuza, akatazama ndani.

"Sasa mbona tupu?"

"Ni mwezi huu," mama akasema. "Mwezi huu hapana. Lakini mukopate kopo, muweke."

Wakaondoka. Baada ya siku mbili niliona kwa jirani, juu ya boksi la nguo, kopo la mafuta limeoshwa, limeinamishwa likauke.